Pikipiki Iachapo Ardhi: Mekanika ya Kuruka Vizuizi

Mtu anayetazama mashindano ya pikipiki za porini kwa mara ya kwanza huona ujasiri tu. Mpandaji analikabili tuta la udongo kwa kasi, anaonekana hewani juu ya vichwa vya watazamaji, kisha anatua na kuendelea na safari yake kana kwamba hakuna lililotokea. Watu hupiga makofi, na vijana hurudi nyumbani wakiamini kwamba kinachotakiwa ni moyo mkuu na mkono usioogopa kutia mafuta. Imani hiyo imewavunja mifupa watu wengi. Ukweli ni kwamba karibu yote yatakayoipata pikipiki hewani huwa yamekwisha kuamuliwa kabla gurudumu la nyuma halijaachana na ardhi, na sheria zinazoamua ni zile zile ambazo mwanafunzi wa sekondari hufundishwa katika somo la fizikia, aghalabu kwa mifano ya mawe yanayotupwa na magari yanayogongana ubaoni.

Mchezo wenyewe una umri wa karne moja. Tarehe 29 Machi 1924 wapanda pikipiki wa kusini mwa Uingereza walikutana Camberley, katika jimbo la Surrey, wakashindana kupita nyikani, na mshindi alikuwa yule aliyemaliza njia kwa muda mfupi zaidi. Baadaye mchezo ulivuka bahari na kupata jina la motokrosi, lililoundwa kutokana na neno la Kifaransa la pikipiki na lile la mbio za nyika. Mashindano ya ubingwa wa dunia kwa injini za sentimita za ujazo 500 yalianza mwaka 1957. Katika Afrika ya Mashariki mchezo huu unachezwa Kenya na Uganda. Lakini nia yetu hapa si kusimulia historia. Tunataka kumfuata mwanafunzi wa mchezo huu katika hatua zake, na kila hatua tuulize ni kani gani inayofanya kazi.

Gogo

Mwalimu mwenye busara hamwanzishi mwanafunzi kwa kuruka. Humwekea gogo chini na kumtaka alivuke polepole. Zoezi hili laonekana dogo, lakini lina mekanika ya kutosha kipindi kizima cha darasa.

Gurudumu la mbele la pikipiki ya porini kwa kawaida lina ringi ya inchi 21, na pamoja na tairi lake nusu kipenyo chake ni kama sentimita 35. Tulichukue gurudumu hilo likiwa limeegemea ukingo wa kidato chenye kimo cha sentimita 10. Ili lipande, ni lazima kani inayosukuma ekseli kwenda mbele ishinde uzito uliokaa juu ya gurudumu, vyote viwili vikipimwa kwa momenti kuuzunguka ukingo wa kidato. Mkono wa kani ya kusukuma ni umbali wa ekseli juu ya ukingo, yaani 35 kutoa 10, sawa na sentimita 25. Mkono wa uzito, kwa kanuni ya Pythagoras, ni kipeo cha pili cha tofauti kati ya 35 kwa 35 na 25 kwa 25, yaani sentimita 24.5. Basi kani inayohitajiwa ni karibu sawa na uzito wenyewe. Kidato kikiwa cha sentimita 20, hesabu hiyo hiyo inadai kani iliyo zaidi ya mara mbili ya uzito. Na kikifikia sentimita 35, mkono wa kani ya kusukuma unakuwa sifuri; hapo hata ungekuwa na injini ya lori, gurudumu haliwezi kupanda kwa kusukumwa. Litasimama, na mpandaji ataendelea na safari peke yake.

Mwanafunzi akirudia hesabu kwa gurudumu lenye nusu kipenyo cha sentimita 25, ataona kwamba kidato kile kile cha sentimita 10 sasa kinadai kani iliyo mara 1.33 ya uzito. Hii ndiyo sababu gurudumu la mbele la pikipiki ya porini ni kubwa kuliko lile la nyuma, na ndiyo sababu skuta yenye magurudumu madogo inateseka katika barabara zetu za mashimo.

Kwa kuwa gogo kubwa halipandiki kwa kusukuma, dawa yake ni kuliondolea gurudumu la mbele uzito. Mpandaji husimama juu ya vikanyagio, magoti na viwiko vikiwa vimekunjwa kidogo. Anapokaribia hukandamiza springi za mbele kwa uzito wa mwili wake, kisha hutia mafuta kwa ghafula kidogo tu. Springi zinajinyoosha, gurudumu la nyuma linasukuma ardhi, na pua ya pikipiki inanyanyuka. Mara gurudumu la mbele linapokuwa juu ya gogo au ng'ambo yake, hufunga mafuta, hupeleka mwili mbele, na kuiachia inesha ilivushe gurudumu la nyuma. Gurudumu la nyuma lisisukumwe na injini likiwa juu ya gogo. Gogo lililolowa au lililobambuka gome lina msuguano mdogo mno, na tairi linalosukumwa juu yake huteleza upande. Kwa sababu hiyo hiyo gogo huvukwa kwa pembe mraba. Ukilijia kwa mshazari, sehemu ya kani inaelekea kwa urefu wa gogo, nalo gurudumu hulifuata gogo badala ya kulivuka.

Tuta

Kutoka kwenye gogo mwanafunzi huenda kwenye tuta dogo, kisha kwenye tuta bapa, yaani lile lenye mwinuko, sehemu ya juu iliyosawazishwa kama meza, na mteremko wa kushukia. Hapa ndipo pikipiki inapoiacha ardhi.

Tangu inapoiacha, kitovu cha uzito cha pikipiki pamoja na mpandaji wake hufuata njia ya parabola, sawasawa na embe lililotupwa. Upinzani wa hewa katika mwendo tunaouzungumzia ni mdogo, na tunaweza kuusahau. Mpandaji anaweza kujinyonga, kujikunja, kuvuta usukani au kuomba dua; kitovu hicho hakitageuza njia hata kwa sentimita moja, kwa kuwa hakuna kitu nje ya chombo anachoweza kukisukuma.

Tutumie tarakimu. Tuta lina mwinuko wa nyuzi 20, na pikipiki inauacha ukingo kwa mwendo wa mita 10 kwa sekunde, ambao ni kilometa 36 kwa saa, mwendo wa kawaida kabisa. Mwendo wa kwenda juu ni mita 3.4 kwa sekunde na wa kwenda mbele ni mita 9.4. Chombo kitapaa sentimita 60, kitakaa hewani sekunde 0.7, na kurudi kwenye kimo kile kile baada ya mita 6.6. Sasa mwendo na upungue hadi mita 8 kwa sekunde. Umbali unakuwa mita 4.2 tu. Na ukiongezeka hadi mita 12 kwa sekunde, unakuwa mita 9.4. Umbali hufuata mraba wa mwendo, kwa hiyo kosa dogo la mkono wa kulia huwa kosa kubwa mahali pa kutua.

Tuchukue tuta bapa ambalo meza yake ina urefu wa mita 6.5. Aliyekwenda kwa mita 8 kwa sekunde ataanguka juu ya meza, na mshindo wake utakuwa kama wa kuanguka kutoka sentimita 38. Atatikisika na kuendelea. Lakini katika viwanja vya mashindano yapo matuta mawili yaliyoachwa wazi katikati. Hapo, aliyepungukiwa na mita 2 hugonga uso wa tuta la pili akiwa bado na mwendo wa kwenda mbele wa mita 7.5 kwa sekunde. Ukiubadili mwendo huo kuwa kimo, ni sawa na kuanguka kutoka karibu mita 3. Tofauti kati ya matuta hayo machoni pa mtazamaji ni udongo kidogo uliojazwa katikati. Kwa mwanafunzi ni tofauti kati ya kurudia zoezi na kupelekwa hospitali. Mwalimu anayemruhusu mwanafunzi kuruka matuta mawili kabla hajaruka tuta bapa mara nyingi bila kupungukiwa wala kupitiliza, kwa maoni yetu hafai kuitwa mwalimu.

Marekani, tarehe 31 Desemba 1967, Evel Knievel alijaribu kuruka chemchemi za hoteli ya Caesars Palace mjini Las Vegas, umbali upatao mita 43. Alitua akiwa amepungukiwa kidogo tu, kwenye ukingo wa jukwaa la kutulia. Usukani ulimtoka mikononi naye akabiringika sakafuni, akavunjika nyonga na paja.

Kwa nini pua huanguka

Umbali ni nusu ya tatizo. Nusu ya pili ni mkao. Pikipiki inaweza kusafiri umbali uliokusudiwa lakini ikafika imeinamisha pua, na hapo gurudumu la mbele hujichimbia ardhini.

Mwandishi wa makala haya alijifunza sura hii kwa mtulinga uliovunjika. Tuta lilikuwa dogo, mwendo ulikuwa wa kadiri, na kila kitu kilikwenda vyema hadi mita ya mwisho kabla ya ukingo, ambapo woga uliushika mkono wa kulia ukafunga mafuta. Niliamini kwamba kupunguza mwendo ni kupunguza hatari. Pua ilishuka mara moja, na kilichofuata ni udongo mdomoni. Kosa hili ndilo kosa kuu la wanaoanza, na linazidishwa na mafunzo ya gogo: kule aliambiwa afunge mafuta baada ya gurudumu la mbele kupita, na hapa anaambiwa asiyafunge kamwe juu ya mwinuko.

Sababu yake ni hii. Gurudumu la mbele huuacha ukingo kwanza. Kwa sehemu ndogo ya sekunde, pikipiki inakuwa imeegemea gurudumu la nyuma peke yake. Ardhi inalisukuma gurudumu hilo kwenda juu, na springi yake iliyokuwa imebanwa inajinyoosha kwa nguvu. Kani hiyo ya kwenda juu inapita nyuma ya kitovu cha uzito. Kwa hiyo inanyanyua mkia na kuinamisha pua. Kinachopingana nayo ni kani ya injini. Tairi la nyuma linapoisukuma ardhi nyuma, ardhi inalisukuma tairi mbele, na kani hii ya kwenda mbele inapita chini ya kitovu cha uzito. Kwa hiyo inanyanyua pua. Mafuta yakiwa thabiti, momenti hizi mbili hukaribia kusawazishana. Yakifungwa, moja inatoweka na nyingine inabaki bila mpinzani. Yakitiwa kwa pupa, pua hupanda kupita kiasi, na mpandaji hutua kwa mgongo.

Kwa hiyo mwendo huchaguliwa mapema, kabla ya kuanza kupanda, na juu ya mwinuko mkono hutulizwa. Anayeona kwamba mwendo wake haufai na aghairi akiwa bado kwenye uwanda.

Gurudumu linalozunguka hewani

Tumesema kwamba njia ya kitovu cha uzito haigeuziki hewani. Je, mkao nao haugeuziki? Hapa kuna jambo ambalo wapandaji walilijua kwa mazoea, na ambalo lapendeza sana kulifundisha.

Chombo kilicho hewani kina momenta ya mzunguko isiyobadilika kwa jumla, maana hakuna kani ya nje inayokizungusha. Lakini jumla hiyo imegawanyika kati ya magurudumu yanayozunguka na fremu pamoja na mpandaji. Gurudumu la nyuma likifungwa breki ghafula, momenta yake haipotei, bali inahamia kwenye fremu, nayo fremu inaanza kuzunguka upande ule ule wa gurudumu, yaani pua inashuka. Mpandaji akitia mafuta, gurudumu huongeza mzunguko wake, na fremu hulipa deni hilo kwa kuzunguka kinyume: pua inapanda. Basi anayeona pua imepanda mno hugusa breki ya nyuma huku amebana klachi ili injini isizimike. Na anayeona pua inaanguka hufungua mafuta. Tukikisia kwamba gurudumu la nyuma lina uzito wa kilo 10 hivi, kulifunga kabisa katika mwendo tulioutaja hapo juu kunaweza kushusha pua nyuzi kumi na zaidi kabla ya kutua. Inatosha kusahihisha kosa dogo. Kosa kubwa la ukingoni halisahihishiki kwa njia hii, na ni vizuri mwanafunzi alijue hilo mapema.

Jaribio linaweza kufanywa shuleni kwa baiskeli na kamba. Ifunge kamba kwenye bomba la juu la fremu, mahali ambapo baiskeli ikining'inizwa tawini inakaa sawa bila kuinama mbele wala nyuma. Mwanafunzi mmoja na aizungushe pedali kwa mkono mpaka gurudumu la nyuma lizunguke kwa kasi, kisha aiachie baiskeli itulie. Mwingine, bila kuisukuma, na aminye breki ya nyuma kwa ghafula. Pua ya baiskeli itazama chini mbele ya macho ya darasa. Vidole viwe mbali na spoki.

Kutua

Kasi ya kushuka, mahali pale pale pa kimo cha ukingo, ni sawa na ile ya kupanda: katika mfano wetu, mita 3.4 kwa sekunde. Pikipiki ikiangukia penye usawa, mwendo huo wote wa kushuka unapaswa kumalizwa na springi na miguu. Lakini ikitua kwenye mteremko wa nyuzi 20, njia yake ya kushuka ina nyuzi 20 vilevile. Yaani inashuka sambamba na udongo, na mshindo unakaribia kuwa hakuna. Kwa hiyo mtazamaji anayestaajabia jinsi bingwa anavyotua kimya kimya anastaajabia jiometri. Akipitiliza mteremko wote na kuangukia uwanda ulio chini ya ukingo kwa mita 1.5, mwendo wa kushuka unafika mita 6.4 kwa sekunde, sawa na kuanguka kutoka mita 2.1.

Mshindo hupimwa si kwa mwendo pekee, bali pia kwa umbali unaotumika kuusimamisha. Mita 3.4 kwa sekunde ikisimamishwa katika sentimita 10, kani ya wastani ni kama mara saba ya uzito. Ikisimamishwa katika sentimita 30, ni kama mara tatu. Pikipiki za mashindano za miaka ya 1960 zilikuwa karibu na tarakimu ya kwanza. Hadi mwisho wa miaka ya 1970 zilikuwa zimefikia ya pili. Mmoja wa waliofungua njia hiyo alikuwa Mbelgiji Lucien Tilkens, aliyebuni mkono wa nyuma wenye shokapu moja badala ya mbili. Kampuni ya Yamaha ilichukua wazo lake, na mwaka 1973 Msweden Håkan Andersson akalitumia kuchukua ubingwa wa dunia wa sentimita za ujazo 250. Tangu hapo matuta ya viwanjani yameendelea kurefuka pamoja na shokapu, jambo ambalo si kila mtu analiona kuwa maendeleo.

Springi nyingine ni miguu ya mpandaji. Aliyesimama magoti yakiwa yamekunjwa ana sentimita 30 au zaidi za ziada za kuzuia mshindo usifike kwenye uti wa mgongo. Aliyekaa hana hata moja, na pingili zake hupokea kila kitu. Wanaofundishwa vizuri hutua pia huku wametia mafuta kidogo. Gurudumu la nyuma lililosimama hewani, likigusa ardhi, hulazimishwa kuanza kuzunguka mara moja, nayo kani inayolizungusha huivuta pikipiki nyuma na kumtupa mpandaji mbele. Linalozunguka kwa mwendo wa ardhi halina deni hilo.

Neno moja kuhusu pikipiki zinazobeba abiria na mizigo mijini na vijijini kwetu. Zina shokapu fupi, fremu iliyotengenezwa kwa barabara, magurudumu madogo na vikanyagio visivyofaa kusimamia. Kijana anayelirukia tuta la barabarani kwa chombo hicho, bila kofia ngumu, bila mkanda wa mgongo wala buti, anatua kwenye lami isiyo na mteremko wa kumpokea. Tarakimu tulizozitoa juu ya kutua penye usawa ndizo zake.

Mwalimu anaweza kuwapa wanafunzi zoezi hili. Pikipiki na mpandaji wake wana jumla ya kilo 180. Wanauacha ukingo wa nyuzi 25 kwa mwendo wa mita 9 kwa sekunde. Tafuteni kimo watakachopaa juu ya ukingo, muda watakaokaa hewani na umbali watakaofika kwenye usawa wa ukingo. Kisha tafuteni kani ya wastani endapo watatua juu ya meza na kusimamishwa katika sentimita 30, na endapo shokapu imeharibika na kubakiza sentimita 8 tu. Msisahau kuongeza uzito wenyewe.